Kofia ya Faustine

Geti la Msitu wa Nyabwengi,
Musoma Vijijini
9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimempa Dotto wa dagaa pamoja na sato wawili wa kukaanga. Wakifika wawili, mshukuru. Akifika mmoja, usimuulize, safari ni ndefu na yeye anapenda samaki.

Kazi nimepata. Ni huku kwenye msitu wa hifadhi, kando ya ziwa, saa moja na nusu kutoka Musoma mjini. Nakaa kwenye ofisi ndogo ya bati getini, nakata tiketi. Nina kiti, nina meza, nina daftari la wageni. Jua halinifikii.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba gari haliingii. Pikipiki haiingii. Getini pana mnyororo, na mlinzi wetu Chrispin ana ubao wa misumari ishirini. Kila anayefika anamkabidhi funguo, anazitundika. Juzi alikuja bwana mmoja mkubwa wa mjini, amezoea kufunguliwa kila mahali. Alipiga honi, akapiga tena. Chrispin akamnyooshea kiganja tu, mpaka yule bwana akazima gari na kutoa funguo mwenyewe. Ndani kuna barabara ya changarawe, kilomita kumi na nane, inazunguka msitu kwa upande wa ziwa mpaka inarudi getini. Wageni wanazunguka wenyewe, mimi nabaki na daftari langu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nimekuandikia leo ili ulale vizuri.

Mwanao,
Naomi


Butiama
16 Februari 2025

Naomi mwanangu,

Marahaba. Amefika sato mmoja na kichwa cha mwenzake. Sikumuuliza.

Nimefurahi kwa kiti. Baba yako alitafuta maisha yake yote kazi ya kukaa, akaishia kukaa kwenye siti ya baiskeli na gunia la dagaa nyuma yake, kutoka hapa mpaka soko la Bunda. Wewe umepata kiti chenye miguu minne. Mungu amesikia, ingawa alichelewa.

Jirani yangu Sara ananisumbua ninunue simu, eti barua ni mambo ya wazee. Simu nilikuwaga nayo. Iliniletea habari moja tu ya maana, asubuhi ile ya mwezi wa sita, mtu nisiyemjua ananiambia mume wako Faustine amegongwa na lori barabara kuu, njoo. Nilikuwa nimesimama. Tangu siku hiyo anayenitaka aandike. Barua inakungoja ukae kwanza.

Sasa nakuuliza. Hao wageni wanazunguka na nini? Mtu mwenye hela ya tiketi hatembei kilomita kumi na nane. Kama ni baiskeli, sema ni baiskeli, kuzitazama sikukatazi. Ila ulipokuwa na miaka kumi na miwili tuliahidiana mimi na wewe, udongo wa kaburi haujakauka, kwamba mtu wa nyumba hii hatakanyaga pedeli tena. Nakukumbusha tu.

Juzi nilikuwa nafua, nikamkumbuka. Kila Jumamosi ile kofia ya sufu niliyomfumia ilikuwaga na grisi. Namuuliza, wewe mwanaume, cheni unaifunga kwa kichwa? Anacheka tu. Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Kula vizuri.

Mama yako,
Benedikta


Butiama
11 Mei 2025

Naomi,

Sijakusalimia, na usinisalimie.

Dotto amekuja Jumanne akasimama kwenye genge la Sara, watu wamejaa, anasimulia tena kwa sifa. Amemwona binti wa Faustine anatoka msituni juu ya baiskeli, matope mpaka mgongoni, na wageni wanane wanamfuata nyuma kama bata. Anasema wewe ndiye unayewaongoza kila siku. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika vitunguu, nikavirudisha nikaenda nyumbani.

Kiti kiko wapi, Naomi? Meza iko wapi? Uliniandikia nilale vizuri, nami nililala, miezi mitatu nimelala kama mjinga.

Nimefikiri na nimeamua. Shangazi yako wa Manyamanyama anatafuta mtu wa kumsaidia duka la vitenge. Acha hiyo kazi kabla ya misa ya baba yako, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Usipoacha, basi kwenye misa usije. Siwezi kumwombea mmoja huku mwingine ananisubirisha mlangoni.

Jambo lingine. Dotto anasema unavaa kofia ngumu kichwani. Inafunika masikio? Nijibu hilo kwanza kabla ya maneno mengine yote.

Mama yako


Geti la Nyabwengi
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo, hata kama hukuitaka.

Helmeti haifuniki masikio. Masikio yako nje, upepo wa ziwa unayafikia. Nimejibu hilo kwanza kama ulivyosema, ingawa sijaelewa kwa nini umeanza nalo.

Nilikudanganya. Ofisi ya bati ipo, kiti kipo, ila anayekikalia ni mwenzangu. Mimi ni mwongoza wageni, na wageni wanaongozwa kwa baiskeli. Nilijifunza upya Januari, nikaanguka mara nne, sikukuambia. Nisamehe kwa uongo. Kwa baiskeli sijui kama naweza kuomba msamaha, kwa sababu naipenda, na nikisema najuta nitakuwa nimekudanganya tena.

Naomba unisikilize kidogo. Hii si barabara kuu. Ukishapita mnyororo unasikia changarawe chini ya matairi, inasagika taratibu, na sauti nyingine hakuna mpaka ndege hondohondo aruke na kelele zake. Kilomita ya kwanza njia inashuka hadi karibu na maji, unaona mitumbwi ya kisiwa cha Rukuba kwa mbali. Kuna mama mmoja alikuja kutoka Mwanza, mtu mzima kama wewe, alikuwa hajapanda baiskeli tangu shule. Alizunguka zote kumi na nane, alipomaliza akakaa chini getini akakataa kuvua helmeti.

Unakumbuka baba alivyokuwa anaendesha? Gunia na tenga la sato wa moshi vilikuwa virefu kuliko kichwa chake, kugeuka hawezi, kwa hiyo barabara yote ya nyuma aliisoma kwa masikio. Mimi nikiwa nimekaa kwenye bomba la mbele, ananipeleka shule, alikuwa ananiambia: funga macho Naomi, nyuma kuna nini? Basi la Bunda. Lori tupu. Landrova ya padri. Nilikuwa sikosei. Sasa huku msituni, asubuhi wageni hawajafika, huwa nafunga macho mahali palipo wazi, nahesabu mpaka tano, najiuliza nyuma kuna nini. Hakuna kitu, mama. Nimekaa miaka tisa sijawahi kusikia hivyo.

Kama unachoogopa ni baridi ya mwezi wa sita, basi nifumie kofia ya sufu ya kuvaa ndani ya helmeti. Ifume kama ile ya baba, inayofunika masikio. Nitaivaa kila asubuhi.

Duka la vitenge siwezi. Nakuomba usinifukuze kwenye misa.

Mwanao,
Naomi


Geti la Nyabwengi
22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tano hii. Dotto amerudi mikono mitupu mara tano, mara ya mwisho akaniambia ulimtazama tu ukaingia ndani. Anajuta alivyosimulia gengeni. Nimemwambia si kosa lake.

Sijui ni neno gani nimeandika. Nimejaribu kukumbuka barua nzima. Kama ni duka la vitenge, nilijibu vibaya, ningesema taratibu. Niambie hata kwa ukali.

Misa ni Jumapili ijayo. Umesema nisije, sitakuja kwa nguvu. Ila mwambie padri asome jina langu kwenye nia.

Naomi


Butiama
29 Juni 2025

Naomi,

Misa imekwisha. Nafasi yako kwenye benchi niliiwekea kanga, mtu alitaka kukaa nikamwambia kuna mwenyewe. Jina lako limesomwa.

Sasa kaa kwanza.

Umeniuliza ni neno gani. Ni kofia. Umeniomba nikufumie kofia ya kufunika masikio kama ya baba yako, na juu yake umeniandikia kwa mkono wako kwamba baba yako aliendesha kwa masikio. Nililijua hilo kabla hujazaliwa. Nililijua, na bado nikamfumia.

Mwaka ule baridi ilikuwa kali. Alikuwa anatoka alfajiri anarudi anasema masikio yanauma. Nikanunua sufu ya bluu, wiki tatu nafuma, nikashusha pembeni mpaka kwenye taya ili upepo usipite. Alisema, Benedikta, hii ni nzito kidogo. Nikamkasirikia. Nikamwambia mwanaume gani anakataa kitu cha mke wake. Akaivaa. Kila asubuhi nasimama mlangoni mpaka aivae ndipo naingia.

Dereva wa lile lori alisema alipiga honi mara tatu. Mara tatu, Naomi, na baba yako hakutoka barabarani. Watu kwenye msiba walisema, Faustine jamani, masikio yale, imekuwaje hakusikia. Mimi nimekaa kwenye mkeka nasikiliza, najua imekuwaje. Shemeji Wanzagi aliniletea vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni. Juu kabisa naiona ile bluu. Nikaufunga fundo, nikautia chini kabisa ndani ya sanduku, na sijaufungua mpaka leo.

Sijamwambia mtu. Hata kwenye kitubio sijasema, kwa sababu sikujua niite dhambi gani. Ndiyo maana nilikukataza pedeli. Haikuwa baiskeli niliyoiogopa peke yake. Niliogopa mkono wangu, kwamba ninachokitengeneza kwa kupenda kinaua.

Kazi yako endelea nayo au acha, sina tena neno. Usiniombe kufuma tu.

Benedikta


Geti la Nyabwengi
2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena. Dotto yuko nje na pikipiki inaunguruma, nimemwambia asitoke bila barua hii hata dagaa wakioza.

Baba hakuwa anaivaa.

Soma tena. Hakuwa anaivaa. Alikuwa anaivaa mlangoni kwako. Tukifika kona ya kwa mzee Burito, pale ambapo mlango wetu hauonekani tena, anaegemeza baiskeli kwenye mti, anaivua, anaikunja mara mbili, anaitia kwenye kile kifuko cha spana chini ya siti. Kila siku. Jioni kwenye kona ileile anaitoa anaivaa, ndipo tunakuja nyumbani. Ile grisi uliyokuwa unamuuliza ilitoka humo kwenye spana. Ndiyo maana alikuwa anacheka.

Aliniambia: mama yako amefuma wiki tatu, kofia ni nzuri, ila mimi naendesha kwa masikio. Usimwambie, ataumia. Nilikuwa darasa la tano, nikaona ni siri kubwa, nikaishika. Alipokufa nikaishika zaidi. Nilifikiri ukijua kwamba hakuivaa utalia mara ya pili. Nilifikiri kofia ndiyo kitu chako kizuri kilichobaki kwake, sasa mimi nani nikunyang'anye. Miaka tisa nimekulinda na maneno ambayo ungeyahitaji siku ile ile kwenye mkeka. Hata ulipoandika habari za grisi mwezi wa pili, nilicheka peke yangu ofisini, nikasema baba, siri yako bado ninayo.

Siku ile shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa kwenye bomba la mbele, kwa hiyo siwezi kuapa kwa macho yangu. Lakini mfuko unao. Aliumia kichwani, wote tunajua. Fungua sanduku uangalie kofia vitu viwili tu, damu na grisi. Kama ina damu, niandikie nami nitakuja nikae na wewe, kazi nitaacha. Kama ina grisi, niandikie pia.

Usifungue peke yako. Mwite Sara.

Naomi


Butiama
6 Julai 2025

Naomi mwanangu,

Marahaba. Nimekunyima marahaba tangu mwezi wa tano, chukua zote kwa pamoja.

Sara sikumwita, nilifungua peke yangu, unanijua. Fundo lilikataa, nikalikata kwa kisu. Shati siwezi kukueleza. Mkanda upo. Kofia imekunjwa mara mbili, na mikunjo imeganda hivyo hivyo mpaka leo. Nikaikunjua. Damu haina, hata tone, ndani wala nje. Grisi upande mmoja wote. Na ndani yake ikaanguka spana namba kumi. Miaka tisa nimelala na spana ya watu chini ya sanduku nikidhani ni hukumu yangu.

Nilikaa sakafuni nikamtukana baba yako. Nilimwita mwongo, kwa sauti. Kila asubuhi ananivalia mlangoni, kila jioni ananivalia konani, na mimi nasimama pale najisifu. Angeniambia siku moja tu, Benedikta, sivai, ningekasirika siku mbili yakaisha. Alinihurumia, na huruma yake ikanigharimu hivi. Nawe umerithi tabia hiyo hiyo, kiti na meza. Halafu nikaanza kucheka, nikacheka mpaka Sara akaja mlangoni kuuliza kama kuna mtu.

Ile honi sijui. Labda aliisikia akakosa pa kushukia, gunia nyuma na ukingo wa lami umeliwa. Labda haikupigwa. Hilo nimemwachia Mungu, aliyekuwepo ni yeye.

Jumamosi ya tarehe kumi na tisa nakuja. Dotto atanileta mpaka getini, nimemwambia aende taratibu au nitashuka nitembee. Kupanda baiskeli sipandi. Nakuja kuuona huo mnyororo.

Mama yako,
Benedikta


Butiama
27 Julai 2025

Naomi mwanangu,

Nimefika salama wiki sasa, makalio ndiyo hayajafika. Ile keria ya baiskeli ya Chrispin ni chuma kitupu, mwambie akija mgeni mwingine amtandikie hata gunia.

Mwambie pia anisamehe. Nilivuta mnyororo mara tatu kuona kama umefungwa kweli, halafu nikamuuliza kama akipewa soda anafungua, nikaona uso wake umebadilika. Nilikuwa nahakikisha tu. Funguo zilikuwa kumi na moja kwenye misumari, nilizihesabu, ya Dotto ikiwemo.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nyuma nimekaa upande, kama nilivyokuwaga nakaa kwa baba yako tukienda kanisani. Tulipoanza kuupanda ule mteremko kutoka kwenye maji ulianza kuhema, nikajua uzito wangu wote unao wewe, nikataka kushuka. Ndipo ukasema, funga macho mama, nyuma kuna nini? Nikayafunga. Nilisubiri lori. Nakuambia ukweli, nililisubiri, mkono wangu umeshika shati lako. Nikasikia changarawe, nikasikia ndege yule wako mwenye kelele, nikasikia cheni inataka mafuta. Nikakujibu hakuna kitu. Ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimechoka. Nilikuwa nalia, na nilitaka twende tena kidogo.

Kwa hiyo sikushuka. Kilomita mbili umenibeba, nyingine kumi na sita unanidai. Nitajifunza kwenye ile tambarare ya getini, asubuhi, Chrispin asiwepo. Ahadi ya kaburini nimekwenda kuifungua mwenyewe, Ijumaa jioni. Nilimpelekea na spana yake, nikaiweka hapo juu, halafu nikairudisha nyumbani kwa sababu ni nzima na wewe una cheni.

Nimenunua sufu. Safari hii nyekundu, ili wakuone kwenye miti. Sitaki kubahatisha kipimo, kwa hiyo chukua uzi, uzungushe kichwani, uukate, uutie kwenye bahasha umpe Dotto. Uzungushe juu ya masikio, mwanangu. Masikio yaache nje.

Mama yako,
Benedikta